Beti ya Mwisho Anayo Manka

Hapana, simu yangu siiachi wazi watu wachote humo, na usiniulize kwa nini. Nilimwambia hivyo mjukuu wangu Neema hata hajafungua mdomo kuiomba. Alikuwa anangoja video ya harusi ya binamu yake, imegoma karibu na mwisho. Akanieleza kwa ile sauti ya puani aliyorudi nayo kutoka Dar: "Bibi, inakatwa vipande. Ukipata kimoja unampa mwenzio, huku unavuta vingine. Tukiwa wengi inashuka chap. Kimebaki kipande kimoja, mwenye nacho kazima simu."

"Umemwona nacho?" nikamuuliza. Akacheka. Mimi sikucheka, maana namjua Manka, tulikuwa naye kwaya utotoni.

Ilikuwa Masama, msimu wa kahawa, maganda yananuka uchachu mpaka kanisani. Bibi yangu alikuwa ametufundisha wimbo wake wa Kichagga, kila mtoto beti yake, halafu akafariki. Tulitaka kuuimba Krismasi. Mwalimu wa kwaya, sauti kama fahali kwenye zizi: "Wimbo mzima, au mnakaa benchi." Basi tukawa tunamfuata mwenye beti kwao, tunapanga foleni, na akiugua yeye tumekwama wote. Mama akatusikia shambani. "Mnamganda mtu mmoja wa nini? Aliyekwisha kushika amrushie wa mstari wa pili wa mibuni." Tukaanza kurushiana huku tunachuma, mstari kwa mstari chini ya migomba, na debe langu halijajaa ninazo zote. Isipokuwa ya mwisho. Hakuna aliyeitoa, na Manka peke yake hakuwa ametoa yake, kwa hiyo tukajua anayo yeye.

Tukimwomba, anashika shingo: "Koo linauma." Kesho yake: "Nileteeni kwanza ndizi mbivu." Tukampelekea, akala. Tukamnyatia kwenye mfereji akichota maji, labda ataimba akidhani yuko peke yake. Akapiga mluzi. Nikaapa anauficha wimbo wa bibi yangu ili Krismasi asimame mbele peke yake, shingo ndefu kama bata.

Neema anasema siku hizi simu yenyewe inaonyesha nani ana kipande gani. Sisi tulikuwa na uso wa Manka tu. Mazoezi ya mwisho tukaimba vizuri, beti kwa beti, tukafika pale pa mwisho, wote tumemgeukia. Mwalimu akasema, "Haya, Manka."

Manka akatazama vidole vya miguu yake. "Sina. Siku ile bibi anagawa beti, mimi nilikuwa kwa mbuzi."