Mirija Niliyoivuta kwa Moto

Siku yangu ya kwanza kazini, miaka ya sitini ikielekea kwisha, Metroni, mkuu wa wauguzi, alinipa jiwe la kunolea na trei ya sindano butu. Wakati huo sindano haikutupwa. Ilinolewa, ikachemshwa, ikarudi wodini. Nilikuwa nimetoka Nunguni kwenye baridi, na kule kusini mwa Kitui jasho lilidondoka juu ya jiwe. Jioni Metroni alipitisha kila ncha kwenye pamba. Iliyonasa nyuzi alinirudishia. Zilirudi karibu zote.

Hivyo ndivyo nilivyoingia karakana ya hospitali ile ya misheni, chumba cha meza mbili nyuma ya thieta ya upasuaji.

Kazi niliyoipenda ilikuja na Daktari Msimamizi wa pili niliyefanya kazi chini yake, mtu mpole ambaye Kikamba chake kilituchekesha. Mirija tuliyokuwa nayo ya kupitishia maji mshipani ilikuwa ya watu wazima. Mshipa wa mtoto mchanga ni mwembamba mno, na akiharisha siku tatu mshipa hunywea kabisa. Daktari aliniuliza kama ningeweza kuufanya mrija wa plastiki uwe mwembamba zaidi. Nikasema nitajaribu.

Niliupasha juu ya taa ya spiriti, nikauvuta polepole. Tundu likaziba. Nikajifunza kupitisha waya ndani kabla ya kuvuta. Wa kwanza ulikuwa uzi wa gita la kwaya uliokatika. Waya kama huo ndio uliokuwa pia kiongozi wa mrija: sindano huingia mshipani, waya hupita ndani yake, sindano hutolewa, mrija hufuata waya, mwisho waya hutoka. Hatari yote iko kwenye ncha ya waya, maana ikiwa ngumu hutoboa. Niliipasha ilegee, nikaisugua, nikaikunja kidogo, kisha nikaijaribu kwenye mishipa ya mbuzi niliyoomba kwa mchinjaji. Alidhani nafanya uganga.

Asubuhi moja ya kiangazi kikali, mama aliyeitwa Halima, mke wa mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka upande wa Garissa, alileta mtoto aliyekauka kwa kuhara. Wauguzi walimtafuta mshipa mikononi, miguuni na kichwani, wakakosa. Daktari akaja karakana mwenyewe. Waya ulikuwa mmoja tu. Niliupitisha juu ya ukucha, nikahisi unakwaruza.

"Syokau, ncha hii unaiamini?"

"Hapana, Daktari. Nipe dakika kumi."

"Huyu mtoto hana dakika nyingi."

"Najua. Lakini hii itamtoboa."

Alinitazama, akavuta kigoda changu, akaketi. Hakunihimiza hata mara moja. Nilipasha, nikasugua, nikakunja, na nje nilimsikia Halima akiomba dua. Tuliutia waya kwenye dawa ya kuua vijidudu, Daktari akauchukua, nami nikamfuata hadi mlangoni. Uliingia kwenye mshipa wa kinena bila kukwama. Mrija ukafuata, maji yakaanza kudondoka.

Alasiri mtoto alilia, na sisi tuliozoea kuchoshwa na vilio vya wodi tukasimama kumsikiliza. Halima alinishika mkono, akaona vidole vilivyoungua, akaniita fundi. Mpaka siku hiyo nilikuwa yule mama wa sindano.

Miaka ya themanini mirija ya kiwandani ilianza kufika ndani ya paketi safi. Nilifungua ya kwanza, nikaigusa ncha. Ilikuwa laini kuliko yoyote niliyowahi kutengeneza. Nilifurahi, kisha nikaenda nyuma ya karakana nikalia kidogo, siwezi kuficha.

Nilistaafu, nikarudi Nunguni kulima maharagwe. Wauguzi vijana wakija kunisalimia huniuliza kuhusu moto na waya, nami huwaeleza. Lakini ninachokikumbuka zaidi ni mtu aliyesoma ng'ambo miaka mingi, ameketi kwenye kigoda, anamngoja mwanamke aliyeishia darasa la saba kwa sababu amesema bado. Wakubwa wengine niliofanya nao kazi walikuwa wema pia. Sijui kama ningethubutu kuwaambia hapana.