Mama asiyetaja jina la pango analolilinda

Saa mbili asubuhi. Barafu bado haijayeyuka kwenye nyasi za mlimani, na 'Malipuo Letlatsa, miaka hamsini na miwili, anawatangulia wageni wanne, blanketi lake limebanwa kifuani kwa pini. Kwenye mdomo wa pango anasimama, anavuta pumzi.

"Hapa watu mia mbili walijificha wakati wa vita, miezi miwili, wakila mizizi," anaanza.

"Mama, na pango linaitwaje?" anauliza kijana mwenye kamera.

'Malipuo anaelekeza fimbo kwenye ubao wenye jina.

"Ina maana hata jina hulijui?" kijana anacheka.

Analijua sana. Ni jina la chifu aliyewaficha watu hao. Ni jina la kijiji, la shule ya msingi, la daraja lililo bondeni na la kituo cha basi. Ndilo pia la baba mkwe wake, mjukuu wa chifu, na ndiyo maana hawezi kulitamka. Mke aliyeolewa na Wasotho wa huku hamtaji baba wa mumewe kwa jina. Limeandikwa kwenye kitambulisho chake, lakini mdomoni halijapita kwa miaka thelathini.

"Nikipanda basi namwambia kondakta anishushe kwetu," anasema. "Wamenizoea."

Wageni hawajamzoea. Malalamiko yamefika kwa msimamizi mpya, Ntate, yaani Bwana, Khethang, ambaye ameweka mtihani wa mdomo kwa waongozaji wote. Swali la kwanza ni jina la mahali. 'Malipuo ameshindwa mara mbili. Mara ya tatu ni Ijumaa, na asipofaulu atapoteza maloti 2,400 kwa mwezi, pato pekee la nyumba tangu mumewe alipofariki.

"'Mè, mama yangu, mimi sina ugomvi na mila," Khethang anasema. "Lakini mwongozaji asiyetaja mahali, nitamwandikaje kuwa amefaulu?"

Nyumbani, wifi yake Mpolai anapepeta mtama na hana huruma. "Letlatsa! Letlatsa! Umeona? Meno yangu yote yapo."

"Wewe ni binti wa hapa, wifi. Mimi nililetwa kwa ng'ombe."

"Basi kawaambie ng'ombe wakufanyie mtihani!"

Wanacheka, kisha kicheko kinakatika. Kwa desturi ya ukoo huu, mzee mwenyewe, baba mkwe, anaweza kumfungulia mkwe mwiko huo kwa maneno ya kinywa chake, mbele ya familia, kondoo akichinjwa. Hakuna mwingine awezaye. Na mzee alitaka. Miaka sita iliyopita, 'Malipuo alipopata kazi, alimwita akamwambia wachague siku.

'Malipuo alikataa.

"Nilijiona," anasema, akitazama mikono yake. "Wenzangu walikuwa wamefunguliwa mapema, watu wakawasema. Nilitaka isemwe kwamba mimi ni mkwe wa kweli. Nikamwambia, baba, hakuna haraka. Majivuno matupu. Najuta mpaka usingizi unapaa."

Majira ya baridi yaliyopita mzee alipata kiharusi. Tangu hapo hajatamka neno.

'Malipuo anaingia na bakuli la uji wa mtama uliochachuka, anapiga magoti kando ya kitanda. "Baba, Ijumaa ni keshokutwa. Nifungulie."

Mzee anamtazama. Midomo inatetemeka, shingo inakaza, jasho linamtoka. Sauti inayotoka ni ya koo tu. Machozi yanamshuka, na 'Malipuo anayafuta kwa ncha ya blanketi, kisha anaanza kumlisha kijiko kwa kijiko.

Ijumaa atakwenda hata hivyo. Atasimulia vita, baridi na mizizi, na pale penye jina atanyamaza, atainamisha kichwa. Anatumaini mmoja wa watahini watatu atakuwa mama aliyeolewa, atakayeelewa.

"Na wakikufukuza?" anauliza Mpolai kutoka mlangoni.

Anaupoza uji kwa pumzi kabla ya kujibu.

"Nitabaki na huyu. Yeye hawezi kuniita, na mimi siwezi kumtaja. Tutakaa hivyo hivyo."