Uyoga Alioula Baba

Pale Nambambo mama yangu alijulikana kwa uyoga. Mvua zikishaloanisha pori, wakati mahindi bado mabichi shambani na ghalani yamebaki mavumbi, yeye ndiye aliyetangulia kuingia msituni na kikapu chake. Uyoga wa kwenye vichuguu aliukausha. Ule mweupe unaoota chini ya miti aliupika siku hiyohiyo kwa karanga za kutwanga, na sisi wanawe tulikua tukiuita nyama.

Siku ile alikuwa amefunga, analipa siku zake za Ramadhani. Alichuma asubuhi, akapika, akampakulia baba chakula cha mchana, kisha akafunika sehemu yake kwenye sufuria kungoja magharibi. Baba alikula akashiba, akarudi kupalilia ufuta. Jua lilipozama mama alianza kufuturu kwa uji, na kabla hajafunua sufuria akamsikia mumewe akitapika nyuma ya nyumba.

Mimi nashona nguo Ruangwa mjini. Nilipigiwa simu asubuhi iliyofuata, nikapanda bodaboda mpaka kijijini. Nilimkuta baba zahanati, dripu mkononi, midomo imekauka, tumbo linamwendesha bila kupumzika. Mama alikuwa amekaa sakafuni karibu na kitanda, ameshika kandambili za baba kana kwamba kuna mtu angeziiba.

Daktari aliuliza, "Mzee, ulikula nini jana?"

"Uyoga."

"Aliuchuma nani?"

Mama alifungua mdomo. Baba akamuwahi.

"Mimi mwenyewe. Nilikuwa natoka kwenye mikorosho nikauona, nikamletea mama huyu apike. Nilimwambia asipoteze muda kuuchambua, nina njaa."

Nilimtazama. Baba yangu hakuwahi kuchuma uyoga maishani mwake, alikuwa akisema hiyo ni kazi ya watu wenye subira. Nikadhani ni homa inayomsemesha, nikanyamaza.

Kesho yake akapata nafuu. Tumbo lilitulia, akaomba uji, akanywa wote. Akamwambia muuguzi, "Mchana nileteeni ugali na kitu chochote kisichoota chini ya mti." Tulicheka, muuguzi na mimi. Tukaruhusiwa kurudi nyumbani, na njia nzima nilikuwa namshukuru Mungu.

Nyumbani nilimmiminia maji ya udhu. Alipoinua uso nikaona macho yake ni ya njano, njano kama binzari.

"Mama," nikaita, "hujaona macho ya baba?"

Mama alikuwa amekaa karibu naye kuliko mimi. "Yana nini?" akauliza.

Tulimkimbiza hospitali kubwa. Daktari wa huko alinitoa nje ya wodi akanieleza taratibu kwamba sumu ya uyoga wa namna ile humdanganya mtu. Tumbo hutulia, mgonjwa akadhani amepona, kumbe ini linaendelea kufa. Alisema watafanya wanachoweza. Nilielewa kutokana na alivyokwepa kunitazama. Baba alianza kupoteza fahamu, akawa ananiita kwa jina la dada yake. Alikufa siku ya tatu, kabla ya adhuhuri, mkono wake ukiwa kwenye kanga ya mama.

Msibani watu walisema la kwao. "Mwanamume na uyoga wapi na wapi?" "Mke anaujua pori zima, yeye anajifanya mjuaji." Walisema kwa huruma, lakini walisema. Mama alikuwa ndani amekaa eda, na ukuta wetu ni wa udongo, kila neno lilipita.

Nilibaki naye. Asubuhi moja alikuwa akichagua mchele kwenye ungo, na nilipokaa kumsaidia nikaona vijiwe vinapita chini ya vidole vyake, anaviacha. Nikamshika kidevu, nikamgeuzia kwenye mwanga wa mlango. Mboni zake zilikuwa na ukungu mweupe.

"Mama, huoni tangu lini?"

Aliuondoa mkono wangu. "Tangu msimu wa korosho uliopita. Naona umbo, sioni rangi vizuri. Uyoga mbaya una ukijani kidogo kichwani. Sikuuona."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema mngenizuia kwenda porini. Na mimi bila pori ni nani?" Akasukuma ungo pembeni. "Baba yako alijua siku ileile. Alinitazama pale zahanati, akajua. Akajitwisha yeye. Sasa wanamwita mjinga, na mimi nasikiliza."

Siku ya arobaini wanawake walijaa ndani. Shangazi, dada yake baba, alikuwa amekuja kutoka Mbwemkuru. Dua ilipokwisha, mtu mmoja akaanza tena, kwamba marehemu alikuwa mtu mwema ila yale ya uyoga yalikuwa ukaidi. Mama akainua mkono.

"Wifi," alimwambia shangazi, "uyoga nilichuma mimi. Kaka yako alisema uongo kunisitiri. Macho yangu yamekufa na nilificha. Msimseme tena."

Shangazi alisimama, akajifunga kanga yake vizuri, akatoka. Hakugusa pilau. Akaondoka hata bila kuniaga mimi.

Eda ilipokwisha nilimleta mama Ruangwa, na walipokuja madaktari wa macho akapasuliwa. Ilikuwa ni mtoto wa jicho tu, kitu cha kuondolewa na mtu akarudi nyumbani na bandeji. Bandeji ilipofunguliwa hakufurahi kama wengine waliokuwa pale. Alijitazama mikono, kiganja na nyuma yake, akalia.

Jambo la kwanza aliloniomba ni nimpeleke Mbwemkuru. Tulimkuta shangazi uani anapepeta ufuta. Alitutazama, akaingia ndani, nikadhani ndiyo basi. Akatoka na mkeka, akautandika, akaleta maji ya kunywa.

"Macho yamepona?" aliuliza.

"Yamepona, wifi."

"Kaka yangu hayupo."

"Hayupo."

Mama alivuta ungo wa pili akaanza kupepeta, na wakapepeta hivyo mpaka jua likainama. Tulipoinuka, shangazi alitusindikiza mpaka barabarani, akasimama nasi mpaka bodaboda ilipofika, kisha akageuka akarudi kwake bila kupeana nasi mkono.