Mtani wa Mtani Wangu

Saa nne na dakika ishirini asubuhi nilishuka kaburini kwa miguu yangu mwenyewe, nikiwa na afya njema na hoja iliyokamilika. Kaburi lilikuwa Uyole, katikati ya miaka ya sabini. Lilichimbwa kwa ajili ya mzee wa Kinyakyusa aliyenikodisha nusu eka ya viazi. Kodi ilikuwa inakwisha mwezi ule, na wa kuamua kama nitaendelea kulima alikuwa sasa mwanawe.

Hoja niliitoa kitabuni. Nilikuwa nimenunua hisabati mpya ya sekondari, ile ya seti na mahusiano, nikajifundisha ukurasa mmoja kila alfajiri. Kitabu kilisema baadhi ya mahusiano hurudi: nikiwa ndugu yako, nawe ni ndugu yangu. Mengine huvuka: nikikuzidi urefu, nawe ukimzidi mwenzako, basi nimemzidi na huyo mwenzako. Msomaji aliombwa atafute mifano yake. Watu wa kawaida wangetafuta mifano. Mimi nilitafuta sheria.

Mimi ni Mhehe wa Idodi. Mshonaji niliyepanga naye nyumba moja Mwanjelwa alikuwa Mngoni, kwa hiyo tulikuwa watani.

"Mhehe, mbwa wa jirani simwoni leo. Umeshiba?"

"Ningekubakizia, lakini nani atakutoa kwenye panya wako?"

Mshonaji naye alitaniana vivyo hivyo na shemeji yake, mdogo wa mkewe, na shemeji huyo ndiye aliyekuwa mwana wa mwenye shamba. Nikachora mishale miwili, kutoka kwangu hadi kwa mshonaji, kisha hadi kwa shemeji. Nikaongeza wa tatu, kutoka kwangu moja kwa moja hadi kwa shemeji. Ulikaa vizuri sana kwenye karatasi.

Kwetu mtani hulala kaburini na hatoki mpaka alipwe, na wafiwa hupata kucheka kidogo. Sikuona njia bora ya kumkaribia mwenye shamba mpya. Nikalala chali.

"Pafupi hapa!" nikapaza sauti. "Mzee kawapunja hata wachimbaji! Sitoki bila shilingi kumi!"

Kilio kilikatika. Mwana wa marehemu akainama ukingoni.

"Wewe si ndiye unayelima kule kwetu?"

"Ndiye, mtani."

"Mtani wa nani?"

Nikamweleza hatua kwa hatua, kutoka chini. Alisikiliza hadi mwisho, nami nikaihesabu hiyo kuwa dalili njema.

Mshonaji alikuja mbio, kofia mkononi. "Toka, Mhehe! Huyu marehemu ni mkwe wangu! Hata mimi sithubutu kutania hapa!"

Hapo ndipo, ningali chali, nilipoona kosa. Kama utani hurudi, na pia huvuka, basi natoka kwangu hadi kwa mshonaji, narudi kutoka kwa mshonaji hadi kwangu, na tayari mimi ni mtani wangu mwenyewe. Mstari mmoja wa penseli ungenionyesha hayo nyumbani, penye kiti.

Balozi wa nyumba kumi akanitoza mbuzi. Mwana wa marehemu alimpokea mbuzi huyo kwa adabu, akasema shamba atalima mwenyewe, na viazi vilivyomo ardhini vitawafaa waombolezaji, maana ni wengi. Mbuzi alikuwa shilingi themanini. Mbegu, mbolea na vibarua, mia mbili na arobaini. Hasara yote ilikuwa shilingi mia tatu na ishirini.