Kanga ya Bibi Kwenye Tundu la Hewa

Enzi zetu, wenzangu mliokulia Alby na Akalla, kwenye maghorofa ya Stockholm, joto halikuwa na mwenyewe. Lilikuja pamoja na kodi ya nyumba. Redieta, yale mabomba ya joto ukutani, zilichemka, mama zetu wakaanika soksi juu yake, na Januari, theluji ikianguka, tulifungua madirisha kwa sababu tulitoka jasho. Tukitoka kuteleza kilimani tuliegemeza migongo pale mpaka sebule nzima ikanuka sufu mbichi.

Kisha Baba akapata kazi ya kudumu, tukahamia Hässelby, kwenye nyumba ya safu yenye mlango wake na bustani ya hatua kumi. Humo joto lilikuwa na kabati lake, jeupe, refu kama friji, likinguruma kwenye chumba cha kufulia. Pampu ya joto! Wageni wakija Jumapili hawakukaribishwa sebuleni kwanza. Baba aliwapeleka kuliona kabati.

Bibi alikuja kutoka Tanga kumlea mdogo wangu mchanga. Alivaa soksi mbilimbili, sweta la Baba, na kanga ya buluu juu ya vyote, akashinda jikoni akipika wali kwa nazi ya kopo. Kwa utani wa bibi na mjukuu aliniita mume wangu.

"Mume wangu, umenioa uje kunitia ndani ya friji?"

"Vumilia, mke wangu. Nitakutafutia joto."

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nilimaanisha. Darini, karibu na jiko, palikuwa na tundu la hewa. Nilipeleka karatasi pale, ikavutwa ikagandia. Nikajua nimemshika mwizi: joto lote la sufuria za Bibi lilikuwa likitorokea humo. Pacha ya kanga yake ya buluu ilikuwa imechakaa, imo kwenye mfuko wa matambara. Nikaichana, nikaziba tundu la jikoni, kisha la bafuni.

Sikujua kwamba ile hewa ya vuguvugu ndiyo chakula cha pampu. Pampu iliinyonya hewa hiyo joto lake kwanza ndipo ikaitupa nje, na joto hilo ndilo lililopasha redieta na maji. Siku chache baadaye redieta zilipoa, madirisha yakatiririka maji, kabati likaota barafu ndani. Bibi akaanza kukohoa.

Fundi alikuja mchana, wazazi wakiwa kazini. Alipanda kwenye stuli, akavuta kitambaa cha buluu, akaitazama kanga aliyojifunga Bibi. Akaniambia kwa Kiswidi, "Muulize bibi yako kama ni yeye aliyeziba."

Nikamgeukia Bibi. "Anauliza kama hii kanga ni yako."

"Ee, yangu hiyo. Mwambie ndiyo, mume wangu." Akamtabasamia fundi na kuitikia kwa kichwa.

Nikamwambia fundi ndiyo. Akaandika kwenye karatasi yake.

Baba aliisoma akiwa bado na koti mwilini. "Mama! Hapa si Tanga. Kitu usichokijua usikiguse!"

Bibi alinitazama, mara moja tu. Kisha akasema, "Nisamehe, mwanangu. Ni uzee."

Tangu siku ile hakuwasha jiko mpaka Mama awepo. Nikirudi shule nilikuta jikoni hapanuki nazi, na yeye amekaa, mikono mapajani. Aliondoka kabla mdogo wangu hajaanza kutembea. Kwenye uwanja wa ndege alivua ile kanga iliyobaki, akaniwekea mabegani. "Ukisikia baridi, jifunike, mume wangu. Usizibe."

Alizikwa Tanga nikiwa kwenye mitihani ya sekondari. Baba naye ametangulia, akiiamini ile karatasi. Nilikuwa na miaka mingi ya kusema, sikusema.

Siku hizi mjukuu wangu huiamuru pampu kwa simu, amelala, amevaa kaptula mwezi wa Januari, akilalamika kwa Kiswidi kwamba digrii ishirini na moja ni mateso. Kila chumba kina joto, na kila mlango umefungwa. Sisi baridi ilitusonganisha jikoni, tukagombania nafasi karibu na Bibi.

Jumamosi mimi hupanda stuli kufuta vumbi kwenye tundu la jikoni. Wanangu hunikataza, eti nitaanguka. Nikinyoosha mkono, hewa hunivuta vidole polepole, na mimi humjibu yule fundi, kwa Kiswahili, kwa sauti ya chini.

Hapana. Si yeye. Ni mimi.