Hapana ya Odell Maggard

Verna Stidham hakuwa mtu wa kuomba. Askari jela wa miaka mingi huko kwenye milima ya Kentucky, Marekani, ataombaje? Yeye akisema simama, watu wanasimama, basi. Halafu eti uzeeni, magoti yameshaanza kulia, akajitosa chuoni kusomea shahada ya uzamili ya haki jinai! Wenzake kazini wakambandika jina la Profesa. Mumewe akazoea kula maharage na mkate wa mahindi akiwa amepakata sahani, maana meza yote ilikuwa vitabu.

Tasnifu yake iliuliza kwa nini watu wakitoka jela wanarudi tena. Wote aliotaka kuwahoji walishazungumza, akabaki mmoja, Odell Maggard, aliyefungwa miaka tisa kwenye bloku ya seli aliyoisimamia Verna mwenyewe. Msimamizi wake chuoni alimwambia wazi kwamba bila huyo tasnifu haipiti muhula huu. Na chuo kilikuwa na sharti la kumkera askari yeyote: kabla ya kuuliza lolote, msomee mtu karatasi inayosema ana haki ya kukataa, na akikataa hapati madhara; akikubali, asaini kwanza.

"Maggard akatae? Akukatae wewe?" Dwight, mwenzake wa zamu, alicheka mpaka akapaliwa. "We Profesa, mpigie simu afisa anayemwangalia huko nje, yule anayeweza kumrudisha ndani. Ataongea mpaka umwombe anyamaze."

"Kunywa kahawa yako, Dwight."

Lakini namba ya afisa huyo alikuwa nayo, na shetani alimnong'oneza njia nzima hadi kwenye gereji ya matairi alikofanya kazi Odell.

Odell alikuwa chini ya lori. Aliona viatu, akavitambua.

"Afande Stidham! Rudi nyuma ya mstari wa njano."

Mstari ulikuwepo kweli, wa kuwaweka wateja mbali na jeki. Jela nako kulikuwa na mstari wa njano, na Verna ndiye aliyewasimamisha wanaume nyuma yake huku yeye akimalizia soda yake. Akarudi nyuma, akasimama. Odell akafunga gurudumu, akafungua jingine, akapiga mluzi. Mafundi wenzake wakawa wanatazama pembeni wasicheke. Goti lilimuuma Verna, hasira zikampanda hadi masikioni, akazimeza.

"Haya, sema shida yako, afande."

Akamsomea karatasi.

"Hebu rudia hapo pa kukataa."

Akarudia.

"Basi nimekataa."

Alitaka kumporomoshea matusi, ukweli usemwe. Badala yake akaikunja karatasi. "Asante kwa muda wako, Bwana Maggard," akasema, na hilo neno Bwana lilitoka kwa shida. Akachechemea hadi garini, akawasha injini, akakaa ameshika usukani, machozi ya hasira yakimlengalenga. Muhula ujao naanza upya, akajiambia. Natafuta mtu mwingine. Siachi ng'o!

Kioo kikagongwa. Ni Odell, anajifuta mikono.

"Unampigia nani?"

"Simpigii mtu."

"Hata yule afisa wangu?"

"Umesema hapana, Odell. Yamekwisha."

Akamkodolea macho, kama mtu anayengoja kofi na kofi haliji. "Miaka tisa," akasema polepole, "kila nilipokwambia hapana, nililala sakafuni bila godoro."

Ilikuwa kweli, na amri ya kulitoa godoro ilikuwa ya Verna. Aibu ilimshika.

"Andika hilo kwenye kitabu chako."

Jamani, alivyotamani! Hilo peke yake lingejaza sura nzima.

"Siwezi," akasema. "Hujasaini."

Odell akaangua kicheko mpaka akaegemea gari. Kisha akazunguka upande wa pili, akafungua mlango, akajitupa na ovaroli lake la grisi kwenye kiti safi.

"Lete kalamu, afande. Na zima hiyo injini, nina mengi."