Hundi Iliyosubiri Wiki ya Kulungu

Kwa miaka ishirini na saba LaVonne Skaar alishona vidole gumba vya glavu. Wengine pale kiwandani walishona viganja, wengine vidole vinne, yeye gumba tu. Mkono wake wa kulia ulikwisha kupinda, hata akikaa kanisani ungedhani bado ameshika ngozi.

Kiwanda kilinunuliwa na watu wa mbali, wakakifunga mwezi wa nane. Wafanyakazi wakaandikiwa barua: akiba yako ya uzeeni haiwezi kubaki hapa, ihamishie kwenye akaunti yako mwenyewe ya uzeeni. Ya LaVonne ilikuwa dola laki moja na elfu kumi na nane, iliyokatwa kidogo kidogo kwenye mshahara tangu binti yake Kjersti ananyonya. Sasa Kjersti naye ana mtoto, Signe, wa miezi mitano. Mama na binti walikwisha kukubaliana. Fedha zikifika salama, LaVonne hatafuti kazi tena, atakaa nyumbani na mtoto, Kjersti arudi kwenye kazi yake ya hospitali.

Alipopiga simu kwa wanaoshika akiba hiyo, msichana wa upande wa pili alimuuliza: "Mama, tuzipeleke moja kwa moja kwenye akaunti mpya, au tukuandikie hundi wewe?"

"Niandikieni mimi," alisema LaVonne.

Arlys, aliyekaa naye mashine kwa mashine miaka yote hiyo, alishika kichwa. "Wewe mwanamke una wazimu? Mimi nimewaambia wapelekeane wenyewe kwa wenyewe. Hundi ya nini?"

"Nataka kuiona."

"Kuiona! Ni harusi hiyo?"

"Miaka ishirini na saba, Arlys. Nataka niione mara moja na jina langu juu yake, basi."

Hundi ilifika tarehe ishirini na tano Septemba. Aliiweka mezani karibu na chupa ya maziwa ya Signe, akaitazama. Ilikuwa pungufu, maana ukichukua mkononi wanakata kwanza sehemu moja ya tano kwa ajili ya kodi. Karatasi iliyoambatana nayo ilieleza yote: una siku sitini kuziingiza kwenye akaunti ya uzeeni, na ile sehemu iliyokatwa uijazie mwenyewe, utarudishiwa baadaye. Siku sitini zikipita, fedha zote zinahesabiwa kama mshahara wa mwaka huo, na kodi yake inakuja nzima. LaVonne aliuza gari la marehemu mumewe, lile la kusukumia theluji, akachota na akiba ndogo ya nyumbani, pengo likajaa. Kwenye kalenda ya jikoni akazungushia duara tarehe ishirini na nne Novemba.

Kilichobaki ni kwenda kwa Duane Haugstad amfungulie hiyo akaunti ya uzeeni. Duane ndiye aliyeshika mambo ya fedha ya nusu ya mji ule, na ndiye aliyesimama na sahani ya sadaka kila Jumapili. Ofisini kwake alikuwa peke yake na simu yake. Alimpa LaVonne tarehe ishirini Oktoba. Tarehe kumi na saba mama yake Duane akafariki.

Sasa, kwa watu wa mji ule, mtu aliyefiwa humsumbui. Humsumbui anayekula, humsumbui aliye shambani, humsumbui hata fundi uliyemlipa. Mtu anaweza kuvuja damu kwenye zulia lako akakuomba radhi kwa kulichafua. LaVonne alizaliwa humo. Kwenye mji mkubwa, mwendo wa saa moja, palikuwa na ofisi nyingine tatu za kazi hiyohiyo, lakini kumwacha Duane katika msiba na kwenda kwa mgeni kungekuwa kama kumpiga kofi.

Siku ya mazishi alikuwa kwenye ukumbi wa chini ya kanisa na akina mama wenzake, akipaka siagi mikate ya nyama ya nguruwe. Duane alikuja na kikombe.

"Dada LaVonne, pole, nimekuangusha. Ile miadi yetu."

"Usijali kabisa, ndugu yangu. Pole wewe."

"Nina kazi zimelundikana hadi shingoni, halafu inaingia wiki ya kulungu. Tufanye Jumatatu baada ya kulungu, eh? Desemba mosi."

Wiki ya kulungu, siku tisa za mwisho wa Novemba, wanaume wote wako msituni na bunduki wakiwinda, na maduka yanabandika karatasi mlangoni kwamba yamefungwa. LaVonne alijua hesabu pale pale. Desemba mosi ilikuwa siku ya sitini na saba. Alifungua mdomo. Macho ya Duane yalikuwa mekundu, tai imepinda kama ya mtoto wa shule, na nyuma yake watu kumi na wawili walisubiri kahawa.

"Labda anajua njia," alijiambia. "Ndiyo kazi yake."

Akammiminia kahawa. "Desemba mosi ni sawa."

Novemba nzima alikuwa akiinua simu na kuirudisha. Tarehe ishirini na moja alipiga. Ikajibu mashine, sauti ya Duane ikicheka: tuko porini, mtuombee dume lenye pembe. LaVonne aliiambia mashine, "Ni mimi tu, si la haraka." Akakata. Signe alikuwa mapajani mwake anatafuna kamba ya simu.

Desemba mosi Duane aliitazama hundi, akaitazama tarehe. Rangi ikamtoka.

"Hii umeipata lini?"

"Septemba ishirini na tano."

"Mungu wangu. Kwa nini hukuniambia? Ungenipigia hata porini!"

"Ulikuwa na msiba. Halafu kulungu."

Palikuwa na mlango mmoja bado. Serikali hukubali kuchelewa kwa sababu zilizoorodheshwa, nao wakaisoma orodha pamoja. Kufiwa, lakini awe ndugu yako. Hundi kupotea. Ugonjwa. Na kosa la anayekushughulikia fedha zako. Kidole cha Duane kilipofika hapo kikasimama. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

Akiandika barua moja tu, kwamba tarehe aliitoa yeye bila kuuliza hundi ilifika lini, huenda fedha zikaokoka. LaVonne alilijua hilo, na Duane alilijua. Na LaVonne, kwa kuwa hakustahimili kumwona mtu anahangaika mbele yake, akasema, "Hapana, kosa ni langu. Mimi ndiye niliyekosa kusema."

Duane alishusha pumzi. "Ni bahati mbaya sana, dada," alisema haraka, akafunga faili.

Arlys aliposikia aliruka. "Andika ilipotea! Nani atajua?"

"Haikupotea. Ilikuwa kwenye droo ya jikoni, chini ya vijiko."

"Basi kamshike Duane koo!"

"Nimeshamwambia kosa ni langu."



Kodi ilimeza kile kilichokatwa mwanzo ikaja kudai elfu kadhaa zaidi, na zilizobaki hazikutosha tena mtu kukaa bila kazi. Kiangazi kilichofuata LaVonne alianza kazi kwenye kituo cha petroli penye barabara kuu, na Signe akapelekwa kwa mama mmoja wa mtaa wa pili anayelea kwa malipo. Jioni moja LaVonne alikwenda kumchukua, akanyoosha mikono. Mtoto alimwangalia, akageuka akamng'ang'ania yule mama shingoni, akalia. Yule mama alicheka kwa aibu, "Amechoka tu huyu." LaVonne akasema ndiyo, amechoka tu.

Wiki ya kulungu ikarudi. Asubuhi ya ufunguzi kituo kilijaa wanaume wa nguo za kuwindia za rangi ya chungwa. Duane alikuwa mmoja wao, na kikombe kikubwa cha kahawa.

"Dada LaVonne! Habari za siku?"

"Si mbaya."

"Mjukuu?"

"Anakua."

Duane alisimama kidogo, kama anayesubiri. Kila Jumapili kanisani kwa miaka yote hiyo kahawa ya LaVonne ilikuwa bure, na neno la upole juu yake.

"Dola mbili na senti tisa," alisema LaVonne.

Alipokea noti, akamwekea chenji juu ya kaunta, si mkononi, akamtazama aliyefuata.